Zamu ya Burchell

Burchell Sizemore alifariki siku ya Jumanne, mwezi wa Januari, na watu wa Lick Fork, kijiji cha wachimba makaa milimani, wakasema ndivyo alivyokuwa, hakupenda kumharibia mtu Jumamosi yake.

Jumamosi ndiyo siku ya muziki. Ukumbi wao zamani ulikuwa duka la chakula cha mifugo, na mpaka leo ukikanyaga mbao kwa nguvu vumbi la pumba linapanda. Bendi inapiga muziki wa kantri, redio ya kaunti inarusha moja kwa moja, na wanawake wanaleta maharage, mkate wa mahindi na pai. Burchell alipiga gitaa la pedali, lile linalolazwa kama meza. Mpigaji anakaa nyuma yake, anatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na gitaa linalia kama mtu aliyekumbuka jambo. Alilipiga tangu alipotoka jeshini mpaka vumbi la makaa ya mawe lilipomjaa kifuani.

Miaka yote hiyo mkewe Orlena alikaa safu ya mbele, ncha ya kiatu chake ikigonga sakafu. Hakuwa na starehe nyingine. Kanisani alikwenda kwa sababu ilibidi. Jumamosi ilikuwa yake.

Msiba ulipotokea, watu walimfanyia wema mpaka akakosa mahali pa kuuweka. Jirani yake Vesta alimletea kuku wa kukaanga, na kesho yake akaja kumsaidia kumla, maana mfiwa hawezi kula peke yake. Kila asubuhi Orlena alikuta ndoo ya makaa imejazwa mlangoni na theluji imezolewa. Aliuliza nani anafanya vile, hakuna aliyejua. Dorsey Napier, kiongozi wa bendi, ndiye aliyekuwa hajui kuliko wote, na mikono yake ilikuwa myeusi.

Sasa, pale Lick Fork wimbo ukifika katikati, kiongozi humwita kwa jina yule ambaye zamu yake ya kupiga peke yake imefika. "Tupe, fulani!" Fulani anapiga, watu wanampigia makofi, wimbo unaendelea. Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi, Dorsey alikuwa anaimba huku amefumba macho, kama kawaida yake, na jina likamponyoka kwa mazoea.

"Tupe, Burchell!"

Akafumbua macho. Kiti kilikuwa kitupu, na juu yake mto ambao Orlena aliushona mwenyewe. Mpiga fidla akamtazama mpiga banjo. Hakuna aliyethubutu kuichukua zamu ya marehemu mbele ya mjane wake. Basi besi ikaendelea peke yake, dum, dum, mpaka zamu ikaisha. Mtu mmoja huko nyuma akapiga makofi. Ukumbi mzima ukafuata.

Kipindi kilipokwisha Dorsey alimwendea Orlena, kofia mkononi.

"Shemeji, nisamehe. Ulimi umeteleza."

"Hapana neno, Dorsey."

"Ila niliona ulivyoguswa. Basi tutaendelea hivyo hivyo kila wiki. Kwa ajili yako."

Orlena alitazama macho yake mekundu, akatazama mikono yake yenye masizi ya makaa. "Asanteni," akasema. Neno hilo moja likamgharimu mwaka.

Kila Jumamosi, kila wimbo, Burchell aliitwa, na kila Jumamosi Burchell hakupiga. Orlena alimzika mumewe Januari, kisha akamzika tena mara kumi kwa wiki, mbele ya watu waliokuwa wakimgeukia kuona kama ameguswa. Kiatu chake kiliacha kugonga. Alitamani kubaki nyumbani, lakini watu wanakuwekea heshima kubwa namna ile, wewe usitokee? Akawa anavaa, anakwenda.

Ilipofika Pasaka, watu walikuwa wameanza kukizoea kimya kile na hata kukitolea maoni.

"Cha leo kimekuwa kirefu kidogo," alisema mzee mmoja kwenye foleni ya pai.

"Kirefu, lakini kizuri," akajibu mwenzake. "Burchell hajawahi kutulia hivi."

Mwezi wa Mei, siku ya kupamba makaburi kwa maua, bendi ilipanda mlimani ikapiga makaburini. Dorsey akamwita hata pale. Burchell alikuwa karibu kabisa, hatua chache tu, na bado hakupiga. Watu wakapiga makofi.

Majira ya joto meneja wa redio alipiga simu kulalamika. Wasikilizaji walidhani mitambo imekufa, na mwanamke mmoja ng'ambo ya kaunti alikwishaipiga redio yake kofi mpaka ikapasuka. Dorsey akamweleza kwamba ni heshima kwa mjane. Meneja akaomba radhi. Tangu siku hiyo mtangazaji akawa anasema kwa sauti ya chini, "Na sasa, Burchell Sizemore," kisha ananyamaza naye.

"Waambie waache," Vesta alisema siku moja, wakimenya matufaha ya kukausha.

"Nitawaambiaje? Dorsey anajaza ndoo yangu tangu Januari."

"Nani kasema ni Dorsey?"

"Acha, Vesta."

"Haya, ni Dorsey. Lakini shoga yangu, ndoo ni ndoo. Wewe unakonda."

"Kama wangekuwa na mpigaji mwingine wa pedali, zamu ingejazwa. Kimya kingeisha chenyewe, bila mtu kuumia."

"Mpigaji mwingine ni mmoja tu mlima wote huu, na unamjua."

Orlena alimjua. Estill Gayheart aliishi ng'ambo ya mlima, na yeye na Burchell hawakuwa wamesemezana tangu walipokuwa vijana, kwenye mashindano ya maonyesho ya kaunti. Siku ile Estill alisema Burchell anapiga kama mtu anayefukuza nguruwe aliyepakwa mafuta. Burchell akajibu kwamba Estill anapiga kama karani wa benki. Baada ya hapo palikuwa hapana la kuongeza.

Oktoba Orlena aliwasha gari la marehemu, akavuka mlima. Alimkuta Estill uwanjani, anachemsha maji ya mtama mtamu kwenye sinia kubwa yawe asali, anaengua povu kwa upawa.

"Estill."

"Orlena. Umekonda."

"Na wewe umezeeka."

"Hilo silikatai." Akamsogezea ndoo, akaipindua aikalie. "Pole kwa mumeo. Nilitaka kuja mazikoni, nikaona atakasirika."

"Angekasirika. Nimekuja kukuomba upige Jumamosi."

Estill aliengua povu muda mrefu, hata pale ambapo povu halikuwapo. "Mumeo alimwambia kila mtu kwamba siku nitakayokaa kwenye kiti kile atatoka kaburini."

"Atoke basi. Tutamwona sote."

Alipoondoka, Estill alimtilia asali ya mtama kwenye kopo, akalifunga vizuri kwa kitambaa ili lisimwagike kwenye kona za mlima. Hakusema atakuja. Orlena aliliona lile fundo alivyolikaza, akajua atakuja.

Jumamosi ile alikuja kweli, amevaa tai. Hakugusa kile kiti. Aliweka gitaa lake pembeni, akakaa kwenye kigoda cha kukamulia ng'ombe alichokuja nacho kutoka kwake. Dorsey akampokea kwa adabu, na Estill akapiga ubeti wa kwanza nyuma ya sauti ya Dorsey, vizuri, taratibu, kila noti mahali pake. Orlena akashusha pumzi.

"Tupe, Burchell!"

Estill akainua mikono kutoka kwenye nyuzi. Akaiweka magotini, akainamisha kichwa. Dum, dum, ikasema besi. Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya wiki zote, maana sasa palikuwa na mpigaji wa pedali aliyenyamaza kwa makusudi.

Vesta akamnong'oneza. "Sasa wamekuwa wawili wasiopiga."

Wimbo uliofuata ulikuwa wa polepole, ule Burchell alioupenda kuliko nyingine zote. Dorsey akafumba macho. Orlena aliiona zamu inakuja kama mtu anavyoona gari likishuka mlima bila breki. Alikuwa hajawahi kusema neno kwenye ukumbi ule.

"Tupe, Burch..."

"Estill Gayheart!" Orlena alikuwa amesimama, mkoba mkononi. "Sikukutoa ng'ambo ya mlima uje kuinamisha kichwa. Kuinama tunajua wenyewe. Piga!"

Hata besi ikanyamaza. Mtangazaji aliifunika maikrofoni kwa kiganja, kisha akakiondoa, maana alitaka kaunti isikie.

"Shemeji," Dorsey akasema, "sisi tunamheshimu..."

"Mmemheshimu mwaka mzima, Dorsey, na Mungu awabariki, sitasahau. Lakini Burchell alikuwa mtu wa kelele. Kimya hiki si chake. Mimi nakaa hapa kila wiki namsikiliza mume wangu akiwa hayupo. Nipeni muziki."

Uso wa Dorsey ulikuwa wa mtu aliyebeba mzigo mkubwa kwa mapenzi, halafu akaambiwa aushushe. Akashika kofia yake. "Tupe," akasema, akakwama. "Tupe, Estill."

Estill alitazama nyuzi, kisha akapiga.

Hakupiga kama karani wa benki. Alipiga zamu ya Burchell, ile ile, noti kwa noti, na karibu na mwisho chuma kikapita noti, kikaenda mbali mno, kikarudi kinyemela kama mtu aliyechelewa kanisani. Kosa hilo Burchell alilipiga tangu alipotoka jeshini, na kila mara alijifanya amekusudia. Ukumbi ulilijua. Mzee wa foleni ya pai akacheka kwa sauti, kisha akatoa leso. Dorsey akageukia ukuta, akaonekana anatafuta kitu pale.

Ubeti uliofuata Dorsey alimwita tena, na safari hii Estill alipiga ya kwake, safi, bila kosa. Orlena aliisikiliza yote. Ilikuwa nzuri kuliko ya Burchell, na akaamua kwamba hilo halihitaji kusemwa na mtu. Alipotazama chini, kiatu kilikuwa kinagonga.

Baadaye alimpelekea Estill pai na maharage pale pale kigodani.

"Ile ulijifunzia wapi?"

"Kwenye redio. Kila Jumamosi, miaka yote hii. Nilikuwa nakaa nangoja akosee, ndipo nile chakula changu kwa amani."

"Na alikosea?"

"Hajaniangusha hata wiki moja." Estill alikoroga maharage bila kula. "Mwaka huu nimekula vibaya sana, Orlena."

Dorsey alipita karibu, hana pa kuweka macho. Orlena akamshika mkono, ule wenye masizi, akamwambia theluji ikianza asiache kuleta makaa. Dorsey akasema hajui habari za makaa yoyote, lakini ataleta.

Kisha Orlena akauchukua ule mto juu ya kiti, akaukung'uta vumbi la mwaka mzima, akaurudisha.

"Kigoda hicho kitakuvunja mgongo," akamwambia Estill. "Wiki ijayo kaa kwenye kiti."

"Na akitoka kaburini?"

"Akitoka mpishe. Wewe una kigoda chako."