Chumba Kilichojaa Nyaya

Ludvik Kobal alikuwa mtu wa kupenda mengi, na ndiyo maana kila Oktoba ilimkuta hoi. Alipenda milima na uyoga. Alipenda redio, si za kusikilizia muziki bali zile za kuzungumza na watu wa mbali, na nyingi alizitengeneza kwa mkono wake. Na alipenda kupanga. Alikuwa na daftari la kazi za nyumbani, jedwali la rangi nne kwenye kompyuta, na simu iliyolia mara tisa kwa siku kumkumbusha alichopaswa kufanya. Mkewe Marta alikuwa akisema kwamba mumewe hupanga vizuri kuliko mtu yeyote katika mji wa Idrija, kisha hukosa muda wa kutenda kwa sababu ameumaliza kwenye kupanga.

Alikuwa na miaka hamsini na minne. Alifanya kazi kwa zamu kwenye kiwanda cha mota za umeme, wiki hii asubuhi, wiki ijayo mchana, na magoti yake yalikuwa yameanza kumsema. Katika majira haya ya majani kupukutika, kila kitu kilimjia kwa pamoja. Kuni zilitaka kupangwa ukutani, matairi ya gari yalitaka kubadilishwa kabla ya theluji, bomba la moshi lilitaka kusafishwa. Na huko nje mvua ilinyesha siku mbili na jua likatoka siku ya tatu, hali ambayo mwokota uyoga hawezi kuivumilia akiwa ndani.

Mwaka huo kulikuwa na jingine. Mamaye Marta, Pavla, mwanamke wa miaka themanini na miwili, alianguka jikoni kwake mwezi Septemba, kwenye kijiji kilicho juu ya bonde, akalala sakafuni mpaka jirani alipoingia kumletea maziwa. Hakuvunjika mfupa, ila ilikuwa wazi kwamba hawezi tena kuishi peke yake. Angehamia kwao. Na chumba pekee kilichokuwepo ni kile alichokiacha mtoto wao alipokwenda mji mkuu, Ljubljana, ambacho kwa miaka saba Ludvik alikuwa amekijaza redio, nyaya, betri, mikebe ya skrubu na maboksi ambayo hata yeye hakujua yana nini.

Marta hakufoka. Alisema mara moja tu, akiwa anamenya matufaha.

"Mama anakuja tarehe ishirini na tano. Nakitaka chumba kitupu, Ludvik. Sijasema kilichopangwa. Kitupu."

Ludvik akaitikia, akaenda kutengeneza jedwali.

Jedwali lilisema jioni tano, maboksi manane kila jioni. Jumatatu alifungua boksi la kwanza, akakuta ndani yake redio ya kale aliyopewa na marehemu rafiki yake Bogomir, akaifungua aone kama inaweza kufufuka, na jioni ikaishia hapo. Jumanne jua lilitoka. Alijiambia anapita tu msituni baada ya kazi, akarudi giza likiingia na kikapu kimejaa, kisha ikambidi asafishe uyoga wote na kuukatakata na kuuanika, mgongo ukimuuma. Jumatano alifanya zamu ya mtu aliyeugua. Alhamisi simu ilimlilia vikumbusho vingi mno akaizima, halafu akaandika kwenye daftari akumbuke kuiwasha. Kufikia Ijumaa alikuwa ametoa maboksi matatu, na mawili kati ya hayo alikuwa ameyarudisha ndani.

Ijumaa hiyo jioni Teja alimpigia. Teja alikuwa muuguzi wa miaka thelathini na kidogo, mwanachama mwenzake katika chama chao kidogo cha redio. Alisema mtambo wa mlimani umenyamaza. Huo ulikuwa mtambo ambao Ludvik na Bogomir waliufunga miaka ishirini nyuma juu ya mlima Kobilnik, ndani ya sanduku la chuma kando ya kibanda cha wapanda milima. Kazi yake ilikuwa kupokea sauti za redio kutoka mabondeni na kuzirusha tena mbali, ili mtu wa bonde hili amsikie mtu wa bonde lile. Teja alijitolea kupanda yeye kesho yake, apewe tu ufunguo.

"Hapana, nitapanda mwenyewe," Ludvik alisema. "Huujui ule mlima."

"Mlima naujua, mzee. Usichotaka ni mimi niujue mtambo."

Ludvik alicheka, ila neno lile lilimkaa.

Jumamosi ndiyo siku aliyokuwa amemwahidi Marta kutwa nzima. Aliamka alfajiri kabla yake, akapiga hesabu ya saa mbili kupanda, saa moja ya kazi, saa moja na nusu kushuka. Chakula cha mchana kingemkuta nyumbani, na wiki nzima ilikuwa bado imebaki. Akaandika hivyo kwenye karatasi, akaiacha mezani chini ya kikombe, akatoka polepole kama mwizi.

Bondeni kulikuwa na ukungu mzito. Alibeba mgongoni betri mpya ya kilo kumi na nne, na kila hatua ilimkumbusha uzito wake. Zamani alikuwa hapumziki kabla ya kufika kwenye chemchemi. Safari hii alipumzika mara tatu kabla ya hapo, mara ya tatu ameegemea mti, jasho likimpoa shingoni. Uyoga ulikuwepo kando ya njia, mzuri, wa kahawia, na hakuinama kuuchuma kwa sababu hakuwa na hakika kwamba angeweza kuinuka. Alipotoka juu ya ukungu, jua lilikuwa linawaka na milima yote ilionekana. Alitazama mara moja tu, akaendelea kupanda.

Alipofungua sanduku la chuma, aliliona tatizo mara moja. Betri iliyokuwemo haikuwa na kosa. Panya wa msituni walikuwa wameingia kutafuta mahali pa kulala baridi ikija, wakautafuna waya mkuu mpaka ukakatika. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Ilihitaji kiungo kimoja cha shaba cha kuungia waya, kisichozidi kidole gumba. Alikuwa navyo vitatu. Vilikuwa nyumbani, kwenye kile chumba, na kwa kuwa wiki ile nzima alikuwa akihamisha vitu huku na huko, hakujua tena viko boksi lipi. Alimwaga mkoba wake wote kwenye majani. Koleo mbili za aina moja, tochi isiyo na betri, spana, kisu cha uyoga, daftari. Kiungo hakikuwemo.

Akakaa juu ya jiwe. Alikaa hivyo kwa muda, mikono magotini, bila hasira na bila mpango wowote, akitazama vile vitu vilivyotawanyika kama si vyake. Simu ikatoa mlio. Alidhani ni kikumbusho. Ulikuwa ujumbe wa Marta: *Jirani alikuwa anakuja mjini na gari, kamleta mama leo. Ameshafika nyumbani.*

Betri mpya aliiacha ndani ya sanduku, akafunga, akashuka. Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Alifika saa nane mchana, akichechemea.

Ukumbini hakukuwa na pa kukanyaga. Maboksi yalikuwa yamepangwa ukutani mpaka usawa wa kichwa, arobaini na zaidi, na Marta alikuwa amesimama katikati yake, kifundo cha mkono wake wa kulia kimefungwa kitambaa cha jikoni.

"Umeumia?" Ludvik aliuliza.

"Lile la betri liliniponyoka."

Akaanza kueleza habari ya panya na kiungo cha shaba. Marta alimsikiliza mpaka mwisho, jambo lililomwumiza zaidi kuliko kama angemkatiza.

"Sijakasirika," alisema. "Nimechoka tu."

"Hata mimi nimechoka, Marta."

"Najua, nakuona. Lakini wewe unachoshwa na vitu unavyovipenda. Mimi nachoshwa na vile unavyoniachia."

Akaenda jikoni kupasha moto supu ya maharage na kabichi. Ludvik alivua viatu vyake vya matope, akaenda chumbani.

Ndani ya chumba, kwenye kiti kimoja kilichobaki, alikuwa ameketi Pavla na blanketi magotini. Mbele yake palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda vikopo vya mtindi vilivyooshwa, na ndani ya vikopo alikuwa akigawa skrubu, ndefu kwa ndefu, fupi kwa fupi. Kwa miaka ishirini na sita kabla ya machimbo kufungwa, Pavla alikuwa mtunza ghala wa machimbo ya zebaki, na wachimbaji waliokuwa hawaogopi giza la chini ya ardhi walimwogopa yeye.

"Karibu nyumbani, mkwe," alisema bila kuinua macho. "Hizi nne hazifanani na chochote. Ni za nini?"

"Sijui, mama."

"Unazo tangu lini?"

"Miaka kumi hivi."

"Kumi." Alizitia kwenye kikopo chake peke yake. "Ghalani kwetu, kitu kikikaa miaka miwili hakijaulizwa, kilikuwa kinatoka. Walinichukia kwa hilo."

Ludvik alikaa sakafuni kwa sababu magoti yalikuwa yamekataa. Alimwambia anasikitika kwamba amekuja na chumba hakiko tayari.

"Usinisikitikie, unanizeesha," Pavla alisema. Kisha akaonyesha kwa kidevu sanduku moja la nguo lililokuwa karibu na mlango, la ngozi, limefungwa kamba. "Ndio mzigo wangu ule. Nyumba nzima nimeiacha kule, sahani, picha, kitanda alichofia mume wangu. Jana nililia mpaka nikaona haya mbele ya paka. Leo asubuhi nikachagua. Nilidhani nitakufa nikichagua, na nilipomaliza, kumbe ni njaa tu iliyokuwa inaniuma."

Ludvik alivuta boksi la karibu, wakagawa skrubu pamoja mpaka Marta alipowaita kula. Viungo vya shaba vilipatikana jioni hiyo, Pavla ndiye aliyeviona, ndani ya soksi.

Asubuhi ya Jumapili Ludvik alimpigia Teja. Alipokuja, alimpa ufunguo, viungo vyote vitatu, na daftari la mtambo lenye maandishi yake na ya Bogomir tangu siku ya kwanza. Alimweleza mlangoni kila kitu alichokijua, tena na tena, mpaka Teja akamwekea mkono begani.

"Huji, mzee?"

"Siji."

"Wiki ijayo je?"

"Ukae nao wewe, Teja. Moja kwa moja. Mimi nimechoka."

Alilisema neno hilo bila kujitetea, labda kwa mara ya kwanza maishani. Teja aliona uso wake, hakumsihi. Alipoondoka, Ludvik alihisi kifua kimekuwa kitupu, na si utupu wa raha. Alirudi ndani kubeba maboksi.

Kabla ya saa nane mchana sauti ya Teja ilisikika kwenye redio ndogo ya jikoni, ikihema, ikisema mtambo unafanya kazi. Pavla alimtazama mkwewe kwa jicho la mtunza ghala mpaka akaenda kujibu. Alimshukuru Teja kwa maneno machache, akasema anamsikia vizuri sana, na ilikuwa kweli. Kisha akatoka nje na kusimama kidogo penye kuni.

Wiki iliyofuata aligawa. Vyombo vingi alivipeleka kwenye shule ya ufundi, nyaya akazipeleka jalalani, redio ya Bogomir akampa mtoto wa marehemu huyo, ambaye aliipokea bila kujua ni nini. Alibakiza ile redio ndogo ya jikoni tu, kwenye rafu kando ya unga. Uyoga hakuuacha, alikwenda mara mbili, karibu, bila simu. Jedwali alilifuta, ingawa baada ya siku tatu Marta alimkuta akichora mistari nyuma ya bahasha.

Hakuna aliyepumzika hasa. Pavla alilalamikia kitanda, akachemsha kahawa saa kumi na moja alfajiri huku akigonganisha sufuria, akawauliza kwa nini wanalala kama matajiri. Kifundo cha Marta kilichelewa kupona, Ludvik akawa ndiye anayekamua nguo na kuinua vyungu, na zamu za kiwandani hazikumhurumia.

Siku ya Watakatifu Wote walikwenda makaburini kama watu wote. Ludvik alimsukuma Pavla kwenye kiti cha magurudumu juu ya changarawe, na magurudumu yalizama kila hatua. Mishumaa ilikuwa imeshawashwa kila mahali, myekundu na myeupe, na hewa ilinuka nta na majani yaliyolowa. Walisimama kwa babaye Marta, wakasimama kwa Bogomir. Pavla alisema mashada ya mwaka huu ni ghali na mabaya. Baadaye, wakati mama na binti wakiongea na mtu wa kijijini kwao, Ludvik alikaa kwenye ukuta mfupi wa mawe, na usingizi ukamchukua hapo hapo ameketi. Marta alipokuja, hakumwamsha. Alikaa kando yake, akamsogezea bega, wakabaki hivyo mpaka mama yao akaanza kulalamikia baridi.