Supu ya Dagaa wa Mbegani

Chwaaa. Sauti ya nyama ikigusa chuma cha moto iliwapokea wakiwa bado kwenye ngazi, Sabiha na shangazi yake, Bi Arafa. Sabiha akaongeza mwendo. Tangu watoke Mbegani moyo wake haukutulia. Leo Bi Soyon, mwenye mkahawa huu wa Kikorea unaofurika watu jijini Dar es Salaam, angepika supu kwa dagaa aliowaanika Sabiha. Ikiwa safi, atakuwa mnunuzi wa kila wiki. Akikuta mchanga, basi. Wauzaji wengine alishawarudisha kwa chembe moja tu.

Ndani, kila meza ilikuwa na jiko lake katikati, na wateja walijichomea nyama wenyewe huku wakicheka.

"Mtu anakuja hotelini apike mwenyewe?" Bi Arafa alinong'ona. "Mji huu una wazimu."

"Shangazi, watakusikia."

Bi Soyon alifika, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nyama hii kachinja nani?"

"Mzee Ramadhan, hapo mtaa wa pili. Nguruwe hapiti mlango huu."

Bi Arafa akakaa, roho kwatu. Vikaletwa visahani: kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, matango, mwani.

"Kumbe mwani unalika! Na sisi tunaulima tukauze tu." Akamkazia macho mpwa wake. "Usibakize kitu. Mgeni akibakiza, kamdharau mwenyeji."

Wakamaliza. Mhudumu akajaza. Wakamaliza tena, akajaza tena. Kabichi iliwaka ulimini, jasho likamtoka Bi Arafa chini ya mtandio.

"Huyu binti tumemkosea nini?"

"Labda tunapimwa, shangazi."

"Basi kabichi haitushindi."

Walipokuwa hoi, Bi Soyon akaja na bakuli la supu. "Dagaa wako hawa. Kunywa mpaka chini, tuone."

Tumbo la Sabiha lilikuwa ngoma. Alisema bismillahi, akanywa. Supu ilikuwa nyepesi, tamu, na ndani yake aliionja bahari yenyewe. Katikati pumzi ikamwishia.

"Kaza roho, mwanangu," shangazi alisema. "Umefukuza kunguru kwenye dagaa hawa wiki nzima, utashindwa na supu?"

Akainamisha bakuli hadi tone la mwisho. Bi Soyon akapitisha kidole ndani ya bakuli, akakisugua. Hakuna chembe. Akatabasamu, kisha akatazama visahani vitupu.

"Lakini mnakula nyinyi! Kwetu kisahani kikiisha, tunajua mgeni bado ana njaa. Aliyeshiba hubakiza."

"Ungesema mapema," Bi Arafa akaguna, akilegeza kanga kiunoni. "Ningezikwa na kabichi."

Bi Soyon alicheka mpaka akashika meza. Halafu akamgeukia Sabiha. "Nitawachukua. Ila masika je? Mvua ikitisha, watu huharakisha, wakaanika mchangani."

Sabiha akasimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Dagaa wako watakauka juu ya chanja, masika na kiangazi. Na wiki ambayo mvua itanishinda, nitakuja mikono mitupu nikwambie mwenyewe. Wa mchangani sikuletei, nakuahidi mbele ya shangazi yangu."