Kalamu Isiyofutika
Tangu asubuhi mume wangu, Ovide, amesimama dirishani. Amebandika kiooni ramani tatu za plastiki angavu, moja juu ya nyingine, za miaka mitatu iliyojaa vimbunga, na njia ya kila kimbunga ameichora kwa wino usiofutika. Hapa pwani ya Louisiana majirani wote wameshakikimbia kimbunga kinachokuja. Mimi nazunguka jikoni, nafunga na kufungua begi lilelile.

"Njoo uone, Nolia," akaniita. "Hiki kinatembea kama kile cha mwaka ule. Kikifika Kuba kitakata kona kaskazini, kitupite."

"Mwaka ule mgandamizo mkubwa wa hewa ulikuwa mbali baharini, kikapata mwanya. Leo umekaa juu ya Florida kama ukuta. Kitakata kona kupitia wapi?"

"Siku hizi umekuwa mtabiri?"

"Miaka thelathini unanichorea, nisijue?"

Akacheka. "Basi nenda kwa dada yako. Mimi sitoki."

Nilimpokonya kalamu, nikamshika mkono, nikaanza kumwandika kwenye ngozi: jina lake lote, kisha tarehe ya kuzaliwa, kama sherifu, mkuu wa polisi wa hapa, anavyomwagiza kila anayebaki, ili akiokotwa maiti atambulike.

Hakuuvuta mkono. Aliyatazama maandishi yakitambaa kuelekea kiwiko, siku, kisha mwezi.

"Mwaka," akasema taratibu, "utauandikia garini."