Mzungu wa Ukutani Hajatukaribisha

Mwanangu Édouard aliipata ile picha kwenye mitumba hapa Vällingby, kwa Waswidi, akaitundika juu ya kabati mbele ya meza ya chakula, akarudi nyuma kuitazama kama mtu aliyejenga ghorofa. Ni nakala ya mchoro wa karne ya kumi na tisa, alisema. Kilabu cha pombe, meza, chupa, wanawake wawili wanacheka, na mwanamume mwenye kofia ameshika uma. Wote watatu wamegeuka wanakutazama wewe unayeingia. Wanawake wana nafuu. Yule mwanamume anakutazama kana kwamba umefuata nyama yake.

"Kwetu Uvira," nikamwambia Édouard, "mtu akikukuta unakula, unamkaribisha. Huyu hakufunzwa na mama yake."

"Mama, hii ni sanaa."

"Sanaa ya uchoyo."

Hakuitoa. Tangu siku hiyo nikawa nakula nimeipa mgongo.

Basi Februari ya 2010 wakaja wakwe kutoka Jakobsberg kumposa mjukuu wangu Josiane. Kijana wao Dieumerci anampenda binti mpaka anasahau kufunga koti kwenye baridi. Lakini neno halikuwa lake, lilikuwa la baba yake mkubwa, Mzee Vénant. Na kwetu mjumbe wa posa hana maneno mengi. Akila chakula chenu, amekubali. Akikiacha, mletee koti lake, habari imekwisha.

Édouard, kwa heshima, akamkalisha mzee kwenye kiti kikubwa. Uso kwa uso na mwenye uma.

Nikapakua mwenyewe: bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa mchuzi. Tukaomba. Mzee akanawa, akamega tonge, akaliviringa, akainua macho. Tonge likarudi sahanini. Akajaribu tena. Likarudi tena.

Mimi nilikuwa kama nimekalia siafu. Nilijua kinachomsumbua. Nani atameza mbele ya macho ya njaa? Tangu utotoni tumeambiwa, chakula cha kutazamwa hugeuka jiwe tumboni. Lakini mgeni atausemaje ukuta wa mwenyeji? Na Édouard ataishushaje picha mbele za watu bila kukiri kwamba alitundika balaa? Mchuzi ukaanza kuganda. Dieumerci akanywa maji, akanywa tena. Treni ikapita huko chini, vijiko vikatetemeka. Josiane alikuwa anachungulia kutoka jikoni, machozi tayari, maana ameliona lile tonge.

Mzee Vénant akafuta vidole. "Tunashukuru kwa chakula," akaanza. "Sasa hii theluji, na njia yetu ni ndefu..."

Nikasimama. Nikachukua sahani safi, nikaweka bugali, sombe, na kichwa cha samaki. Nikaiweka juu ya kabati, chini ya fremu.

"Farmor, snälla!" Josiane akanong'ona. Ndicho Kiswidi chake cha kuniomba bibi niache wazimu.

"Karibu, baba," nikamwambia yule wa pichani. "Wewe hukutukaribisha, lakini sisi tulilelewa. Kula, uache kuwatolea wakwe zangu macho."

Édouard akafunika uso. Mzee Vénant akaitazama sahani, akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Mama Édouard," akasema polepole, "huyu umempa kichwa cha samaki. Mimi mkwe nimepewa mkia?"

"Wewe si ulikuwa unaaga? Anayeaga anapewa mkia."

"Nani anaaga?"

Akanawa upya. Safari hii tonge lilikwenda lisirudi. Mengine yakalifuata, mpaka sufuria ikakwanguliwa. Josiane akapiga kigelegele huko huko jikoni bila kungoja wakubwa, mtoto hana adabu, nami nikamwitikia.

Wakati wa kuvaa makoti mzee akaniinamia. "Siku ya kuleta mahari, Mama, yule bwana asiwepo."

"Haiwezekani. Ameshakula, naye ni mkwe sasa."

Akacheka, kisha akageuka kuhakikisha kama kweli ameshakula. Sahani ya juu ya kabati ilikuwa na miiba tu.

Mimi nikajifuta mdomo kwa pembe ya kitenge.