Kikombe cha Tage

Nianze na mtaala, maana hasira yangu ilianzia humo. Shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, hapa mjini Aarhus, sisi watu wazima tunaosoma jioni baada ya kazi. Muhula wa kwanza hesabu za kampuni. Wa pili masoko. Wa tatu kuna somo linaitwa Uongozi wa Mabadiliko, na ukilivua mapambo yake utabaki na hili: jinsi ya kuwafukuza watu kazi wasikurushie kiti.

Kila somo lina kisa chake, kampuni ya kweli, mnakisoma na kukijadili. Nikafungua cha muhula wa tatu, nikakuta kiwanda cha jibini cha Hvidmose. Kwetu! Baba yangu, Tage, alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi pale kilipofungwa. Na kisa kinasema: "Mkurugenzi alimweleza Tage M. mpango wote ofisini, siku moja kabla ya mkutano. Naye akakubali."

Akakubali! Baba yangu!

Ndipo nikajua kwa nini mji ulimgeuzia mgongo. Binti wa mwoka mikate alisoma chuo hiki kabla yangu, akaipeleka sentensi hiyo nyumbani, na tangu hapo hakuna anayemvutia baba kiti kwenye meza ya karata pale ukumbini. Hakuna aliyemwambia sababu. Kwetu magharibi mwa Jutland mtu akikasirika hasemi, anafunga mdomo tu, na aliyekosewa naye anafunga wake. Ujinga mtupu, lakini ndivyo tulivyolelewa.

Nikampigia simu.

"Baba, ulikubali kiwanda kifungwe?"

"Nani? Mimi?"

"Basi ulimjibu nini yule mkurugenzi?"

"Sikumjibu. Alinimiminia kahawa. Nikaiacha, nikavaa kofia yangu, nikatoka."

"Hukunywa hata kidogo?"

"Hata tone, Gunvor. Na ilikuwa na keki."

Jamani! Mtu wa Hvidmose kuiacha kahawa aliyomiminiwa ni sawa na kumtemea mwenyeji mate usoni. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini mkurugenzi alitoka mji mkuu, Copenhagen, akaona kikombe kimejaa, akadhani mzee hana kiu.

Nikaapa sentensi ile itatoka. Shahada nikose, lakini itoke.

Siku ya mtihani wa mdomo nikaingia chumbani, meza imetandikwa kitambaa cha kijani kama ilivyo desturi. Mwalimu wetu Regitze amekaa, na kando yake mtahini wa nje, mzee mtanashati. "Karibu, mimi Ditlev," akasema. Ditlev Falkenby! Mkurugenzi mwenyewe! Huku kwetu kila mtu huitwa kwa jina la kwanza, hata aliyekunyang'anya riziki.

Nikachagua karatasi ya swali, nikaifunua: "Kwa nini mawasiliano ya Hvidmose yalifaulu?"

"Hayakufaulu," nikasema. "Ditlev, Tage alikwambia amekubali?"

"Kwa maneno? Hapana. Wale si wasemaji."

"Na kahawa uliyomwekea?"

Akacheka. "Kahawa? Aliiacha. Kikombe kimejaa pomoni. Nakumbuka kwa sababu nilikimwaga mwenyewe."

"Gunvor, tumia nadharia," Regitze akanong'ona.

"Nadharia gani, mwalimu? Alikuwa anamtukana! Tusi kubwa kuliko yote tuliyo nayo! Na wewe, mtu mzima na akili zako, ukaenda kuwaambia walioandika kisa kwamba alikubali. Huyo Tage ni baba yangu. Mji mzima unamwita msaliti kwa sababu yako!"

 

Wakanitoa nje wapange alama. Kwenye korido wanafunzi wenzangu walikuwa wananisubiri na keki na vibendera, kama tunavyofanya mtu akimaliza. Nilipoitwa tena, Regitze uso ulikuwa unang'aa.

"Kumi na mbili! Alama ya juu kabisa!"

"Uchambuzi wa ajabu," Ditlev akasema, akanimiminia kahawa.

"Kwa hiyo sentensi inatoka?"

Wakatazamana.

"Aa, hapana, mpenzi," Regitze akasema. "Inabaki. Ndiyo uzuri wake! Tunawaacha wanafunzi waamini alikubali, halafu darasani tunawatega kwa kahawa. Maelezo yako tutayaweka kwenye mwongozo wa mwalimu."

"Ambao wanafunzi hawauoni."

"Wakiuona zoezi litaharibika."

"Na wakishajifunza kusoma vikombe, itawasaidia nini?"

"Watafunga viwanda vizuri zaidi," Ditlev akajibu, kwa upole kabisa.

 Sikuigusa kahawa. Nikavaa kofia yangu, nikaenda mlangoni, nikaufungua. Nyuma yangu nikamsikia Ditlev: "Umeona? Ameelewa. Watu wazuri wale wa magharibi, watulivu."

Nikageuka.

"Sijaelewa! Sikubali!" Nilipiga kelele ambazo sijawahi kuzipiga maishani. "Wala baba yangu hakukubali! Umesema mwenyewe kikombe kilijaa, na ulikimwaga wewe! Koma kutusemea!"

Korido nzima ilisimama na vibendera vyao mkononi. Keki sikuila. Nikaingia kwenye gari nikaenda moja kwa moja Hvidmose, nikampitia baba nyumbani, nikamvuta mkono mpaka ukumbini. Wazee walikuwa kwenye karata. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Nisikilizeni, maana nyie hamuulizi!" nikasema. "Nimekutana na Falkenby. Kasema kwa mdomo wake: siku ile ofisini alimmiminia Tage kahawa, na Tage akaiacha imejaa."

Karata zikasimama hewani.

"Imejaa?" mwoka mikate akauliza.

"Pomoni. Na keki."

Akamtazama baba. Baba akatazama sakafu. Kule Aarhus sentensi bado iko kwenye mtaala, na muhula huu wanaisoma tena, Mungu awalaani. Lakini mwoka mikate aliinuka, akamvutia baba kiti, akamimina kahawa, akaiweka mbele yake. Baba akavua kofia. Akanywa yote.