Vimelea Vichanga vya Nehemiah

Miaka ile ya themanini, katika maabara ndogo ya utafiti mjini Nyeri, hakuna aliyejua kulea vimelea vya malaria kumshinda Kabura. Ndani ya chupa, vimelea hukua ovyo, vichanga kwa vikubwa, kama darasa la ngumbaru ambapo babu na mjukuu hukaa benchi moja. Kabura alivimwagia maji ya sukari ya maabara. Vikubwa vilipasuka, vichanga vikabaki, kisha vyote vikakua pamoja, tayari kujaribiwa dawa. Akichungulia kwenye hadubini na kuona vipete vidogo tu, ambalo ndilo umbo la vichanga, alijua vikubwa vimekufa na kazi imekubali.

Mumewe, Nehemiah, mwalimu wa kwata chuo cha polisi Kiganjo, alirudi kutoka mazishi kwao Busia akiwa na homa. Baridi ya Nyeri ilikuwa imeusahaulisha mwili wake malaria, lakini hospitali hataki, ati ni ya watoto.

"Daktari wangu ni wewe," alisema. "Angalia tu kama ni mbaya."

Kabura akamtoboa kidole, akaipeleka damu kazini. Akaona vipete vichache, vichanga vitupu. Moyo ukatulia. Mazoea yana tabu: jicho liliisoma damu ya mume kama linavyosoma chupa, na humu hakuna aliyekuwa ameviua vikubwa. Akarudi na vidonge vya klorokwini, akamwambia yuko sawa.

Kesho yake mchana Nehemiah akaanza kuamrisha kwata chumbani, makurutu hawapo. Kisha akaanguka, mwili ukitetemeka wote.

Hospitalini, Daktari Theuri alimtundikia dripu ya kwinini. Kabura alipomweleza alichoona, Theuri alisema kwa upole kwamba vile vikubwa havionekani kwenye damu ya kidole. Hung'ang'ania mishipa midogo ya ubongo. Kabura alikuwa amesoma hayo chuoni, na hilo ndilo lililomuuma. Akauliza afanye nini. Akaambiwa akae tu. Akakaa, mikono mapajani, akijichukia.

Jioni Nehemiah alifumbua macho, akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Sista," alisema, "niitie bibi yangu. Yeye ndiye aliniangalia damu, akasema niko sawa."

Kabura akamwambia yuko njiani.