Maji Yanayogeuka Maziwa

...kwa hiyo ile ya kijani hapana, ina picha ya msonobari na daktari alisema msonobari hapana, na hii ya njano ina ndimu, ndimu je, alisema nini kuhusu ndimu, alisema "chochote chenye mafuta ya harufu kali, Mma, kiache dukani," basi ndimu ni harufu, na waridi ni harufu, na rafu nzima hii kuanzia kiunoni kwake hadi juu ya kichwa ni harufu tupu zilizotiwa kwenye chupa, na Seipone amesimama mbele yake na gauni lake la bluu la ujane kama mtoto aliyeitwa ubaoni kujibu swali, kikapu mkono mmoja, ndani yake hamna kitu, na mkono wa pili umekwisha kushika shingo ya chupa nyeusi ya dawa ya sakafu, ileile, ameishika bila kuamua, mkono unaijua njia... Unamimina kifuniko kimoja ndani ya ndoo na maji yanageuka maziwa, papo hapo, meupe, na tangu utotoni alipenda kuyaangalia yakigeuka, mama yake akiyamwaga chooni kufukuza inzi, uani kufukuza nyoka, kizingitini kufukuza yale yasiyotajwa, na nyumba isiyonuka dawa ile ilikuwa nyumba ya mwanamke mvivu, hata wajomba wa mumewe, Moagi, walipokuja kuposa walisimama mlangoni wakavuta pumzi, mmoja akasema, "Humu mna binti," kabla hawajamwona, na watu wakacheka, na yeye jikoni akacheka peke yake akiwa ameficha uso kwenye kanga... harufu hiyo ndiyo iliyomwoza, ukitaka kusema kweli, Moagi mwenyewe alikuwa akimtania hivyo, "Mimi sikuoa mke, nilioa ndoo."

"Ikigeuka maziwa ndani ya maji, ndiyo yenyewe," alisema daktari leo asubuhi, kijana, mikono mikubwa, mikono ya kuvuta ndama, alimshika yule paka, Phefo, kama mtu anayeshika yai la jirani, akauinua mguu wa mbele, akaunusa, akaunusa tena. "Unapiga deki kwa dawa gani, Mma?" Swali gani hilo la kumuuliza mfiwa wa watu... "Paka ini lake halina kile kilichomo ndani ya letu. Sisi tukiivuta kidogo mwili unaivunja, yeye hawezi. Anakanyaga sakafu mbichi, anajilamba, si unajua paka hawezi kukaa na mguu mchafu? Basi. Ameinywa." Ameinywa. Alilisema kwa upole, na pale nje kwenye benchi wafugaji walikuwa wakisubiri zamu zao za dawa za ng'ombe, walipomwona anatoka na boksi tupu mmoja akasema, "Mama, huyo wako umempiga chapa ubavu gani?" na mwingine, "Maziwa anatoa lita ngapi?" na walikuwa wanacheka vizuri, kicheko cha watu wa Mahalapye kisicho na ubaya, angependa kukijibu, jibu alikuwa nalo mdomoni kabisa, ila macho yao yakashuka kwenye bluu ya gauni na kofia zikavuliwa moja baada ya nyingine mpaka akapita... tangu avae gauni hili hakuna anayemaliza mzaha mbele yake.

Phefo amebaki na dripu. Amekunywa maji kidogo, wakasema, hiyo ni dalili njema, mchukue kabla hatujafunga, lakini usimrudishe kwenye sakafu ileile, Mma, tafadhali, safari ya pili sitakuwa na la kufanya. Safisha upya kwa maji mengi, kisha sabuni ya vyombo isiyo na manukato, maji ya vuguvugu, siki kidogo ukitaka, suuza, acha ikauke kabisa ndipo umfungulie. Sabuni ya vyombo, kwani sakafu ni sahani... na Jumamosi wanakuja.

Jumamosi wanakuja kumvua. Wifi yake, Mma Tshenolo, dada mkubwa wa marehemu, na wanawake wa ukoo nyuma yake na mablanketi yao mabegani, watamvua bluu, watamnyoa, watamwogesha, watamvika kitambaa kipya, na mwaka utakuwa umefungwa, atasalimia watu kwa mkono, atakaa mbele kanisani, wafugaji watamaliza mizaha yao. Lakini kwanza nyumba. "Ioshwe, wifi, ioshwe kweli," sauti ya simu bado imo sikioni, "usinioshee kama wasichana wa siku hizi. Tia dawa mpaka macho yatoe machozi. Nikifungua mlango nisiposikia dawa, mimi sikuvui. Siwezi kukuvua ndani ya giza la ndugu yangu." Sefifi, giza linalobaki nyuma ya maiti na kumfuata aliyelala karibu naye, linaingia kwenye nguo, kwenye mablanketi, kwenye sakafu kuliko kote, kwa sababu jeneza lilikaa sakafuni usiku ule wa Ijumaa, pale sebuleni, karibu na kabati, na yeye kando yake kwenye godoro, na watu wakiimba nje... Si mbaya, Mma Tshenolo, watu wanamwona mkali tu. Siku ya kwanza baada ya mazishi ni yeye aliyepiga magoti, na magoti yale mabovu, akakataa dekio akataka tambara, akaosha pale jeneza lilipokuwa, huku na huku, huku na huku, machozi na maji meupe yakichanganyika, na alipomaliza akasema, "Ndugu zangu wote nimewaoshea sakafu mimi," na Seipone akamwinua, akamshika kiuno mpaka kwenye kiti. Mtu kama huyo unamwambiaje habari ya ini la paka.

"Seipone! Ndiyo wewe huyo?" Mma Onkabetse wa kwaya, mwisho wa njia kati ya rafu, kasimama mbali kidogo, wote husimama mbali kidogo, hawajui wenyewe kwamba wanasimama mbali. "Chukua hiyohiyo nyeusi, mwenzangu, ndiyo yenyewe. Hizo nyingine manukato ya vijana, sakafu inanukia kama bwana harusi na uchafu uko palepale." Anacheka. Seipone anatabasamu, kitu fulani usoni kinatabasamu. "Nasikia umempeleka paka kwa daktari wa ng'ombe?" Mji huu, tangu asubuhi tu na habari imekwisha kuwahi dukani kabla yake. "Nilimpeleka." "Heh! Mtu akifiwa! Na mimi mume wangu namwambia nina homa ananiambia lala." Kisha sauti inashuka. "Ila uangalie, dada. Mjane na paka... watu wana midomo." "Wanasema nini?" "Aa, mimi sisemi. Wao ndio wanasema." Na anageukia mishumaa, anapindua mmoja mmoja kama anayechagua mahindi, haondoki.

Wanasema nini, anajua wanachosema, paka wa mjane hatumwi dukani, anatumwa kwingine... na wala si paka wake, siku zote alisema hivyo, si wangu, wa Moagi, Moagi ndiye aliyemleta kutoka kwenye mazizi ya ng'ombe siku ya baridi ndani ya koti, kichwa kikitokeza kati ya vifungo, "Huyu atatulindia mtama," na mtama ulikwisha na panya walikwisha na paka akabaki, akalala juu ya miguu ya Moagi, hakuwahi kulala juu ya miguu ya Seipone hata usiku mmoja, mpaka godoro lilipowekwa sakafuni. Walipoondoka wote, walipokwisha kukunja turubai na kurudisha masufuria ya watu, na sala za jioni zikakoma, na nyumba ikawa inasikika, friji, bati, friji, paka alikuja akazunguka pale jeneza lilipokuwa, akalala juu ya miguu yake, mzito kuliko anavyoonekana. Hakumfukuza. Akamwambia, "Hayupo," akaona amelisema kwa mara ya kwanza, na amelisema kwa paka.

Halafu akaanza kudondosha mate. Akajificha nyuma ya kabati, akitoka anayumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi, chakula anakitazama tu, na Seipone akaelewa, alidhani anaelewa, yeyote wa huku angeelewa hivyo, giza limempata, ni kiumbe wa sakafuni, liko sakafuni, akampigia wifi, na wifi akasema, "Paka ameona kitu. Ongeza dawa." Akaongeza. Kifuniko kikawa viwili, kikawa robo chupa, na asisuuze, ukisuuza unaondoa nguvu, akapiga deki asubuhi, akapiga deki jioni, na paka kila alivyozidi kuumwa yeye alizidi kuosha, alimwoshea, kwa upendo, huku akimwambia vumilia, vumilia mama, linatoka, linatoka sasa hivi... akimimina. Mungu wangu. Akimimina.

Na kichwa chake mwenyewe. Hilo limekuja sasa tu, hapa, shingo ya chupa ikiwa imepata joto la kiganja, hakulitaka lije. Kichwa kinachoanza alfajiri nyuma ya macho, kifua kinachobana anapolala, macho mekundu ambayo wanawake wa kanisa waliyatazama wakasema, masikini, hajalala, analia, na koo, na kile kizito anachoamka nacho juu ya mbavu, kwani yeye naye hakulala sakafuni palepale, mwaka mzima uso wake ukiwa shibiri moja kutoka kwenye maji meupe yanayokauka, madirisha yamefungwa kwa heshima ya marehemu... Kila mtu alikiita majonzi. Yeye alikiita majonzi. Ni kiasi gani kilikuwa majonzi na kiasi gani kilikuwa dawa, na nani atamwambia, daktari wa ng'ombe hajui hilo, alikuwa na mgonjwa mmoja tu mezani.

Angepaswa kufurahi. Mtu akiambiwa nyumba yako haina giza, ni dawa tu, fungua madirisha, si anafurahi? Phefo anakunywa maji na mwenye nyumba anasikia hakuna kitu sakafuni mwako na wote wawili wanapona. Lakini kuna kitu kinaporomoka taratibu ndani yake, kwa sababu, aseme tu, hapa hamna anayemsikia, kile kizito cha juu ya mbavu alikuwa amekizoea, alipoamka nacho alikuwa akisema kimoyomoyo, "Umekuja," alikuwa akisogea kidogo kwenye godoro, akimpa nafasi... alikuwa akimfukuza kwa ndoo asubuhi na kumsogelea usiku, na kila alipoosha ilikuwa ni kwa sababu yuko, huwezi kumwosha asiyekuwepo, kazi ile yote ya magoti ilikuwa aina ya mazungumzo, ya ugomvi wa mke na mume, toka, usitoke. Na kama haikuwa yeye. Kama ilikuwa ni chupa. Basi tangu Jumamosi ile ya kaburini Moagi hakurudi hata usiku mmoja, na yeye amekaa mwaka ndani ya nyumba na harufu, na paka mmoja aliyekuwa akifa.

Simu inatetemeka ndani ya mkoba, atakuwa wifi, hakuna mwingine anayempigia, inatetemeka inakoma, inaanza tena. Nikifungua mlango nisiposikia dawa, mimi sikuvui. Basi asimvue. Wazo limekuja jepesi, halina hasira, linakaa. Atamfungulia mlango, wifi atasikia kwamba hamnuki, atasimama kizingitini na wanawake nyuma yake, na Seipone atamwambia... atamwambia nini, habari za ini? Hapana, atamwambia, dada, wewe umewaoshea ndugu zako wote, ingia upumzike, na kama wifi atageuka aende basi yeye atavaa bluu mwaka wa pili, watu husimama mbali hata hivyo, na gauni hili ni imara, halijachanika popote. Na kama ataingia. Huenda akaingia. Huenda naye, na magoti yale, amechoka muda mrefu na hakuna aliyewahi kumwambia acha.

Leo basi, maji matupu kwanza, ndoo baada ya ndoo, mpaka yatoke kama yalivyoingia. Madirisha yote. Kisha nyumba haitanuka kitu, hilo ndilo gumu, ataingia ndani na haitanuka dawa, wala tumbaku ya mumewe, wala jasho la koti lake, haitanuka kitu kabisa, na itabidi akae humo, yeye na kiumbe ambaye hata akitembea husikii hatua zake, na Moagi atakuwa amekufa.

"Bado tu hujachagua?" anauliza Mma Onkabetse, mshumaa mkononi, palepale alipokuwa, mbali kidogo. Mkono wa Seipone bado uko kwenye shingo ya chupa nyeusi na kikapu bado ni kitupu na simu imeanza tena kutetemeka.

"Bado," anasema, mkono ukiiachia chupa, na si kweli.